Aliyemwona Mondo Kwanza

Wachimbaji wakipanda kutoka shimoni huja kula kwangu kabla hata ya kuoga, nami nimeshachoka kuwagombeza. Wanajaa kwenye mabenchi ya kibanda changu hapa Kalangalala, Geita, nyusi nyeupe kwa vumbi la mawe, wanaagiza ugali na dagaa, na nguo zao zinanuka baruti. Mama ntilie wenzangu huziba pua kwa kanga. Mimi hunyamaza nikapakua. Ile harufu, kali, inayokwaruza koo kama njiti za kiberiti zilizowashwa zote kwa pamoja, hunitoa kwenye masufuria yangu ikanirudisha kijijini kwetu, ndani ndani huko kupita Kagongwa, nikiwa na miaka kumi, peku, nimeinama mbele ya baba yangu natafuta damu kwenye majani.

Hebu niwasimulie wenzangu, nikiwa bado na hasira. Nikipoa nitaanza kumtetea, na nimemtetea vya kutosha.

Watu walimwita Baba Masele, kwa jina la kaka yangu. Alilima pamba na mtama kama wengine wote, ila alikuwa na gobole alilorithi kwa babu. Kitako chake kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, na kulishindilia baruti na vipande vya chuma ilikuwa kazi ya kumaliza subira ya mtu. Kibali hakuwa nacho. Mchana gobole lililala ndani ya kihenge, limefunikwa mtama, na sisi watoto tulifundishwa kwamba hatulijui.

Sasa, katika ukoo wetu kulikuwa na desturi moja kuhusu wanyama wa kucha. Swala akipigwa ni wa aliyempiga, hakuna mjadala. Lakini chui, au mondo, hakuwa wa mwenye bunduki. Alikuwa wa yule aliyemwona kwanza akiwa amejeruhiwa na bado yu hai. Kupiga ukiwa mbali kila mtu anaweza, walisema, ila kuingia kwenye majani marefu kumtafuta mwenye kucha na maumivu yake ni shughuli nyingine. Aliyemwona aliketishwa kwenye kigoda mlangoni pa zizi, mbele ya watu. Mwenye bunduki mwenyewe ndiye aliyempaka unga mweupe wa mtama kwenye paji la uso na mashavuni, akalitaja jina lake mara tatu, na kila mara watu wakaitikia kwa sauti. Toka siku hiyo ulikuwa mtu. Babu yetu alimwona chui akiwa kijana, na hata alipozikwa, miaka mingi baadaye, chui wake alitajwa kabla ya watoto wake.

Mimi nilikuwa nachunga mbuzi, na mbuzi ndio walionifundisha kazi. Mbuzi hana adabu. Ukigeuka tu kachomoka, na ukirudi nyumbani amepungua mmoja, mama anakungoja na mwiko. Kwa hiyo nilijua kwato za kila mbuzi wangu. Nilijua nani kapita asubuhi na nani kapita sasa hivi, nani anachechemea na nani amebeba mimba. Masele, kaka yangu, wa miaka kumi na minne, alikuwa mzuri wa sura na mcheshi, na hakuna aliyeweza kumkasirikia, lakini macho yake yalikuwa ya kutazamia video tu. Baba alijaribu kumfundisha kufuata nyayo. Masele akawa anazikanyaga huku akipiga mluzi.

Basi baba akaanza kunichukua mimi. Kwanza ilikuwa mzaha, halafu ikawa desturi yetu wawili. Alinifundisha nitembee pembeni mwa damu, kamwe si juu yake. Damu nyekundu yenye povu, mnyama hatafika mbali. Damu nyeusi, kaa chini umpe muda. Damu yenye harufu ya choo, jiandae kutembea hadi jua lizame. Kila tone niliweka jani juu yake, ili nikipotea nigeuke nione nimetoka wapi. "Wewe macho yako yako karibu na ardhi," baba alinitania, maana nilikuwa mfupi, na ninyi mnaonifahamu mnajua sikuongezeka sana. Hakuna sifa niliyowahi kupewa, hata na mume wangu wakati ananitongoza, iliyonikaa moyoni kama ile.

Mwaka ule alitokea mondo. Alikula kuku wa mama mmoja mmoja, na siku alipombeba jogoo, mama alisema jamani, huyu sasa anatutukana. Nilikuwa nimemwona mara moja asubuhi kwenye mashina ya pamba: miguu mirefu mno kwa mwili wake, madoa meusi, na masikio makubwa yaliyosimama, nyuma yake meusi yenye baka jeupe. Alinitazama, akaendelea na safari yake bila haraka, kama mtu anayekwenda gulioni.

Mtama ulikuwa umeshakauka, na baba akawa analala humo usiku kumvizia. Alfajiri moja nikasikia gobole, kisha kukawa kimya hata majogoo ya jirani yaliacha. Baba aliingia na ile harufu yake ya baruti, akaniamsha kwa kunishika mguu, akaniita mama kwa lugha yetu, kama alivyozoea. "Mayu, amka. Nimempiga vibaya."

Masele hakuwepo. Alikuwa Kagongwa toka jana yake, alikokwenda kutazama video akalala kwa rafiki. Ndani alikuwa amelala baba mkubwa, kaka yake baba, aliyefika jana kutoka Geita. Yeye alikuwa na duara lake huko, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na alipokuja kwetu alivaa saa kubwa na kuongea kama redio.

Tulikwenda sisi wawili. Hatukufuata papo hapo. Tulikaa ukingoni mwa shamba tukatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, hadi jua lilipotoka vizuri. Baba alikuwa na wasiwasi, namwona hadi leo anavyosugua magoti. Mondo mwenye jeraha akibaki kwenye majani karibu na watoto wanaochunga, si jambo la kulalia. "Atakayemwona kwanza ndiye mwenye mnyama," akaniambia. "Desturi ni desturi. Hata akiwa wewe."

Wenzangu, nilikoma kutafuna.

Damu ya kwanza ilikuwa kwenye jani la mtama, usawa wa goti langu, upande wa kulia. Ilikuwa nyeusi. Nikamwambia baba, amepigwa nyonga, na baba akatikisa kichwa kukubali, kama anamsikiliza mtu mzima. Tukavuka mashina ya pamba. Hapo matone yalikuwa mengi, sisimizi wameshayazunguka. Nikaweka majani yangu, moja, lingine, lingine. Kisha tukafika kwenye mbuga, ile ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi, na damu ikaishia kwenye nyufa. Baba alizunguka mara mbili akasema tumempoteza. Mimi nikalala kifudifudi. Kwa chini chini niliona kwenye vumbi alama tatu za kiganja, na badala ya ya nne, mstari mwembamba kama mtu aliyeburuta kijiti. Mguu ulikuwa umekufa, anauvuta.

"Kaelekea ngitili ya watu," nikasema.

Ngitili ni malisho yanayofungiwa ng'ombe hadi ukame ukaze, na ile ya jirani yetu ilikuwa na majani yaliyonizidi kimo mara mbili. Baba alisimama. Alinitazama, akatazama majani, na nikajua anafikiria kunirudisha nyumbani. Nikaingia kabla hajasema.

Miiba ilinichana miguu yote miwili na sikusikia. Nilikuwa natafuta majani yaliyolala vibaya, nywele kwenye mwiba, nzi. Nzi walinisaidia sana siku ile. Walikuwa wakipita sikioni kwangu wote wanakwenda upande mmoja, nami nikawafuata, hadi kwenye kichuguu cha zamani kilichoota kichaka. Pale nikaona baka jeupe likitikisika. Lilikuwa sikio lake.

Alikuwa amejikunja, nyonga imelowa, anahema haraka haraka. Hakuunguruma. Alinitazama kwa macho yale yale ya siku ya pamba, ila sasa hakuwa na safari yoyote. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilijawa na fahari, na sikujua mtoto anapaswa kufanya nini na vyote viwili kwa wakati mmoja. Nikainua mkono kama nilivyofundishwa. Baba akaja nyuma yangu, akaweka gobole chini, akachukua rungu, na ikaisha kwa pigo moja.

Akapiga magoti mbele yangu, baba yangu, akanishika mabega. "Leo utakalia kigoda, mayu. Nitakupaka mimi mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi nilitembea mbele.

Habari zilitutangulia, na tulipofika watu walikuwa wameshajaa uwanjani, ndani ya uzio wa minyaa. Kigoda kilitolewa. Mama alinipa bakuli la unga nilipeleke mlangoni pa zizi, nami nikalishika kwa mikono miwili, nikisubiri. Baba mkubwa alikuwa ameamka, saa inang'aa, anaongoza shughuli kama vile yeye ndiye aliyelala kwenye mtama. Ndipo akatokea Masele na muwa mdomoni, anauliza kuna nini.

"Haya, nani kamwona mnyama?" akauliza baba mkubwa kwa sauti ya mkutanoni. Halafu akacheka, akanitazama. "Usiniambie ni huyu, ndugu yangu. Utamwozesha kwa nani, mwanamke wa mondo? Na gobole utamrithisha nani?"

Watu wakacheka. Kicheko cha kawaida tu, wala hakikuwa na ubaya. Baba alinitazama. Akamtazama Masele. Nilimwona akimeza mate.

"Masele," akasema.

Masele mwenyewe alishangaa. Alikaa kwenye kigoda muwa ungali mkononi. Baba akaja kwangu, kwa kuwa bakuli nilikuwa nalo mimi, akachovya vidole kwenye unga nilioushika, bila kuinua macho, akaenda kumpaka mwanawe. Akalitaja jina mara tatu. Watu wakaitikia mara tatu. Mama hakupiga kigelegele. Niliendelea kushika bakuli hadi mtu aliponinyang'anya.

Jioni mama alinitoa miiba kwa sindano, mmoja mmoja, na ilikuwa mingi. Yeye alikuwa anajua. Miguu yangu ilikuwa imemweleza kila kitu. "Nyamaza, ng'wana wane, mwanangu," akasema. "Baba yako ana mambo yake." Baba alipita mlangoni akiwa na ndoo, akatuona, akaharakisha.

Ngozi ikawa ya Masele, mwenye mnyama, naye akamwachia baba mkubwa kwa suruali moja ya jinzi. Na baba mkubwa, badala ya kuificha kama mtu mwenye akili, alikwenda nayo Geita akaitundika mdomoni mwa duara lake ili impe bahati, na kila mchimbaji aliyeuliza akaambiwa mnyama alipigwa wapi, na nani, na nyumba ya ngapi kutoka kisimani. Machimboni huko neno halilali.

Hazikupita wiki nyingi, pikipiki mbili zikasimama nje ya minyaa. Bwana nyama, askari wa wanyamapori, alishuka na mwenzake, na ndani ya gunia lake ilikuwamo ile ngozi. Majirani wakakusanyika, walewale wa siku ya unga. Mimi nilikuwa natwanga. Masele, mwenye mnyama wake, alikuwa ameshapenya upande wa pili wa minyaa, na kwa mbio alizokwenda nadhani aliacha moshi.

Nikasikia sauti ya baba. "Si mimi, mzee. Kabula ndiye aliyempata. Huyu binti yangu. Alimkuta porini ameshakufa, akamleta nyumbani. Ni mtoto, hajui sheria."

Nakwambieni ukweli wangu wote: nilifurahi. Niliacha mchi ukaanguka. Sikusikia sheria, sikuona gunia. Nilisikia baba yangu akisema mbele za watu kwamba Kabula ndiye aliyempata, na nikadhani amekuja kurekebisha. Nikaenda nikasimama katikati ya uwanja nimenyooka.

"Shikamoo."

"Marahaba." Bwana nyama alichuchumaa, alikuwa mtu mpole. "Eti ni wewe uliyempata huyu mnyama?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Ulimkuta amekufa?"

Jibu lilikuwa moja tu, na mtoto wa familia nyingine yoyote angelitoa. Lakini kwetu mnyama aliyekufa hana mwenyewe. Mzoga kila mtu huokota, hata mbwa. Nikisema alikuwa amekufa, basi sikumwona, na baba angekuwa amenipa kwa mkono mmoja akaninyang'anya kwa mwingine.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa hai. Anahema. Nilimwona sikio."

"Kabula," akasema baba.

Nikaendelea. Nilimweleza yule bwana damu ya kwanza ilikuwa wapi, na rangi yake, na kwa nini nilijua ni nyonga. Nilimweleza nyufa za mbuga na ule mguu wa kuburuta. "Kabula!" akasema baba tena, kwa nguvu zaidi, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ananitaja. Nilihesabu. Nilieleza nzi. Nilieleza jinsi baba alivyoweka gobole chini akachukua rungu. Baba akaita mara ya tatu, karibu kwa kilio, na nikatulia nikawageukia watu ili waitikie.

Hakuna aliyeitikia. Mama alikuwa ameziba mdomo.

"Na bunduki iko wapi, binti?" akauliza bwana nyama taratibu. Hapo nilikuwa nimeanza kuelewa. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye kihenge, nami sikuyawahi.

Baba alifungwa miezi. Sitasema mingapi, nilivyoihesabu utotoni ilikuwa miaka. Pamba ya mwaka ule iliharibika shambani. Baba mkubwa, ambaye ulimi wake ndio ulioleta zile pikipiki, alikuja kumpa mama pole, na akanitazama akasema, "Mtoto huyu kamfunga baba yake." Likashika. Kisimani, gulioni, shuleni, nikawa ndiye yule aliyemfunga baba yake. Nilitaka kutajwa, basi nikatajwa.

Alirudi amekonda, ananyamaza. Nilingoja aseme neno moja tu. Angesema kwamba nilimtii kwa kuja aliponitaja. Angesema kwamba yeye ndiye aliyenisukuma mbele ya wale watu ili ajikinge. Hakusema. Watu waliponiita lile jina mbele yake, aliendelea kula. Na mimi nikaamini kabisa kwamba nilimsaliti baba yangu, na nikaanza kulipa. Nilipoanza kujitegemea nilimwezekea nyumba bati. Mama alipofariki ni mimi niliyesafiri kila mwezi na sukari na sabuni. Mwaka huu macho yake yamefunga mtoto wa jicho, nimemleta huku Geita atibiwe, analala chumbani kwangu, mimi nalala sebuleni na wanangu. Masele anapiga simu sikukuu kwa sikukuu, na baba hucheka kwenye simu hadi anatokwa machozi.

Juzi mchana alikuwa amekaa kibandani kwangu, kwenye benchi moja na wachimbaji, ananusa nguo zao. Binti yangu mdogo, aliyesikia maneno ya ukoo kwenye msiba fulani, akamuuliza tu, kitoto, "Babu, ni kweli mama alikufunga?"

Nilikuwa nasonga ugali.

"Alikuwa mtoto," baba akajibu kwa upole mkubwa. "Nilishamsamehe zamani."

Kunisamehe! Nilisikia masikio yakiwaka. Nikaacha mwiko kwenye sufuria, nikafuta mikono, nikamkaribia. "Baba," nikamwambia, "yule mondo, nani alimwona kwanza?"

Alinigeuzia yale macho yake yenye ukungu, akatabasamu, kama nimemuuliza jina la kijiji chetu. "Si Masele? Nilimpaka mimi mwenyewe."

Nilimtazama sana. Namfahamu baba yangu anapodanganya, humeza mate. Hakumeza. Nilikuwa nimetumia zaidi ya miaka ishirini kungoja aungame, nikimpikia, nikimwosha, nikidhani limemkaba kooni na ipo siku litatoka. Utotoni nilidhani siku ile ya kigoda aliniibia kitu akakificha, na kilichofichwa hurudishwa. Sasa ndiyo nimeelewa kwamba hakukificha popote. Yule msichana aliyelala kifudifudi kwenye mbuga hayumo tena kichwani mwake. Alimwondoa taratibu, mwaka hadi mwaka, hadi akabaki yeye na Masele na mondo wao, na binti mmoja mbaya wa kusamehewa.

Ugali ulikuwa unaungua. Wachimbaji walikuwa wanagonga sahani, mama, tunakufa njaa huku. Nikarudi jikoni, nikaupakua vile vile na ukoko wake, na sahani ya baba nikaiweka mbele yake, nikamshika mkono nikamwonyesha dagaa walipo.